Mwalimu wa Mwandiko na Ripoti za Vidonge Vyake

Mkono wake niliufahamu kabla ya uso wake. Nilipokuwa darasa la pili alikuwa na kawaida ya kuja nyuma ya dawati bila kishindo, akakushika kifundo cha mkono kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika kifaranga bila kutaka kumuumiza wala kumwachia, akakuongoza kutoka kichwa cha herufi hadi miguuni. Hukuthubutu kugeuka. Kwa mwaka mzima mwalimu huyu kwangu alikuwa vidole viwili vyenye harufu ya chaki na sauti iliyotoka juu ya utosi wangu: "Polepole. Mkono usio na haraka hauhitaji kifutio."

Pale mtaani Soweto, Mbeya, kila mtu alimwita Mwalimu wa Mwandiko. Alifundisha pia hesabu na kuimba, lakini sijakutana na mtu anayekumbuka alichojifunza humo. Mwandiko ulikuwa dini yake ya pili, na siku nyingine niliona ya kwanza ikiuonea wivu. "Herufi ni mtu," alituambia. "Ina kichwa, ina tumbo, na lazima isimame kwa miguu yake."

Nilinyoosha kidole. "Mwalimu, na herufi o? Miguu yake iko wapi?"

Aligeuka akautazama ubao.

"Imekaa," alisema. "Kaa na wewe."

Tangu siku hiyo aliniita Kwa Nini, na jina hilo halikuniacha hata niliporudi kutoka Chuo Kikuu Dar es Salaam, nikiwa na shahada ya biolojia na kemia na bila subira yoyote, kuja kufundisha sekondari pale pale Mbeya. Nyumba ya wazazi wangu ilikuwa ya tatu kutoka kwake. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilipita kwao, mke wake, Mama Mwalimu, akanipa kikombe cha uji wa ulezi, na yeye akanieleza kwamba maswali ni magugu: ukiyaacha, yanakula mahindi. Jioni ya siku hiyo hiyo angeweza kubisha hodi kwetu, akasimama mlangoni bila kuingia, akasema, "Lile la mwezi kutufuata tukitembea. Nimelifikiria." Swali lenyewe nilikuwa nimemuuliza nikiwa darasa la nne.

Hakunywa pombe. Hakunywa hata togwa iliyolala. Lakini bango la kilabu cha komoni nyuma ya nyumba yake aliliandika yeye, kwa rangi nyeusi, herufi zimesimama kama askari wa gwaride: KOMONI SAFI IPO. Mzee wa kanisa, Mlutheri mkali aliyekuwa akisimamia usharika wetu kama zizi, alikuja kumhoji.

"Mwalimu, unawaitia watu pombe?"

"Mimi? Bango la zamani lilikuwa limeandikwa vibaya. Watoto wanapita pale kila siku, wanaona herufi zimelala. Nimeokoa watoto."

"Na wanaosoma bango wakaingia?"

"Hao angalau wanajua kusoma."

Mzee wa kanisa aliondoka, lakini jambo hilo aliliweka akiba.

Akiba hiyo ilitumika siku mkono ulipoanza kutetemeka. Kwanza kidole gumba na cha shahada vilisuguana vyenyewe, kama mtu anayeviringisha ugoro, tena wakati mkono umepumzika tu juu ya goti. Akinyanyua kikombe, mkono unatulia. Akikiweka chini, unaanza tena. Mtu akitetemeka kazini tunaelewa. Anayetetemeka wakati wa kupumzika anatafutiwa sababu, na Soweto sababu ilikuwa nyuma ya nyumba yake, imeandikwa kwa mkono wake mwenyewe. Wengine waliongeza kwamba yeye ni mtu wa Iringa, na watu wa Iringa na ulanzi wao, pombe ya mianzi, nani asiyejua.

Jumapili moja baada ya ibada, mzee wa kanisa alimkumbatia kwa upendo usio wa kawaida na kumwekea pua karibu na mdomo.

"Vuta vizuri," Mwalimu alimwambia. "Nimekula kiazi na chai ya mkandaa."

"Sijasema kitu, Mwalimu."

"Pua yako imesema."

Aliyecheka nyuma yao nilikuwa mimi. Nilipomtazama Mwalimu akishuka ngazi, nikaacha kucheka. Mkono wa kushoto ulikuwa ukiyumba na hatua zake. Wa kulia ulikuwa umeshikamana na ubavu, unacheza peke yake.

Hospitali ya Mbeya walimpa jina la ugonjwa huo siku ya tatu ya kwenda na kurudi. Alirudi nalo nyumbani akiwa amelikunja kwenye karatasi.

"Pakinsoni," alisoma. "Huyu ni mtu. Alisoma wapi?"

"Ni daktari wa zamani, Mwalimu. Aliueleza ugonjwa."

"Akaueleza halafu akauacha?"

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu aliyeuliza alikuwa yeye.

Dawa waliyompa iliitwa benzheksoli. Shida ni kwamba ilitolewa kwenye dirisha moja tu, la wagonjwa wa akili, kwa kuwa wao nao waliitumia kutuliza mitetemeko iliyoletwa na dawa zao nyingine. Kwa hiyo kila baada ya wiki mbili Mwalimu wa Mwandiko, amevaa koti lake la kahawia na tai, alipanga foleni pale uani mbele ya Mbeya nzima. Nilimsindikiza mara ya pili. Mbele yetu alisimama kijana mrefu aliyefunga kanga kichwani. Aligeuka, akampigia Mwalimu saluti.

"Shikamoo Mwalimu. Hata wewe?"

"Marahaba. Mimi ni mkono tu."

"Kila mtu hapa huanza na kitu kimoja," kijana alimfariji. "Mimi nilianza na redio."

Mwalimu alimtazama, akamtambua. "Wewe nilikufundisha. Herufi g yako ilikuwa na mkia mrefu."

"Bado, Mwalimu."

Waliongea juu ya mkia huo mpaka dirisha likafunguliwa. Tulipokuwa tukirudi Mwalimu aliniambia hiyo ndiyo foleni pekee ya mji ule ambayo hakuna aliyemnusa.

Vidonge vile aliviandikia ripoti. Sisemi kwa mfano. Alikuwa na fomu za ripoti za muhula zilizobaki tangu shule ilipobadilisha muundo, na kwa mtu wa aina yake kumeza kitu bila kukipa alama kulikuwa uzembe. Ile ya kwanza ninayo. Mahali pa jina la mwanafunzi ameandika Benzheksoli. Chini yake:

Mkono: umetulia kiasi, si sana.
Mdomo: mkavu. Hata salamu inakwaruza.
Macho: kila herufi ina kivuli chake.
Choo: nisiulizwe.
Kumbukumbu: nimeita majina ya darasa mara mbili. Wanafunzi, kwa adabu, wakaitika mara mbili.
Maoni ya mwalimu: Ana bidii lakini anasumbua wenzake.

Hakuandika juu ya paka. Paka huyo alikuja wiki ya sita, darasani, akalala juu ya meza yake. Mwalimu aliwaomba waliokaa mbele wasogee kidogo wasimwamshe. Walisogea. Hakukuwa na paka. Mimi nilisimuliwa na Mama Sekela, muuza viazi wa sokoni, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele.

"Na ninyi mkasogea tu?"

"Mwalimu kasema kuna paka. Wewe ungesema hakuna?"

"Ningesema."

"Ndiyo maana wewe umesoma mpaka Dar es Salaam na bado hujamaliza," alisema Mama Sekela.

Hapa inabidi nieleze darasa hilo, kwa sababu ndilo alilokuwa akilipigania. Miaka ile nchi nzima ilikuwa kwenye kisomo cha watu wazima. Saa tisa alasiri, watoto wakishatoka, mama wa sokoni, wapagazi na wazee wa Kisafwa kutoka milimani waliingia kwenye madawati madogo, magoti yakigusa videvu, wakaanza a, e, i, o, u. Mwalimu alikuwa karibu kustaafu na watoto walikwishaanza kumchosha. Kwa watu wazima alikuwa kama aliyeoa upya. Walikuwa wanafunzi thelathini na wawili, na alikuwa ameahidi kwamba siku watakapofuzu, kila mmoja angepewa cheti ambacho jina lake limeandikwa kwa mkono wa Mwalimu wa Mwandiko mwenyewe.

Lakini ugonjwa ule haukuleta tetemeko tu. Ulipunguza maandishi. Akianza mstari ubaoni, neno la kwanza lilisimama zima kama zamani. La pili lilianza kunywea. Katikati ya mstari tetemeko, ambalo lilikuwa limetulia mkono ulipoinuka, lilimkumbuka, na kuanzia hapo herufi zikawa zinashuka, zinasinyaa, zinakwenda kwa mawimbi madogo mpaka mwisho wa mstari ambapo zilikuwa safu ya sisimizi. Yeye hakuiona hali hiyo. Ni ugonjwa wenye hila. Mkono ulimdanganya kwamba umeandika kama kawaida.

Mratibu wa elimu alipita siku moja, akasimama nyuma ya darasa, akakunja macho. Baada ya darasa aliniita pembeni mimi, niliyekuja kumsindikiza Mwalimu nyumbani, si yeye.

"Wewe umesoma chuo. Mwisho wa muhula nitakuja kukagua. Kama mzee bado anaandika hivi, darasa utachukua wewe. Apumzike, amefanya kazi kubwa."

"Umemwambia?"

"Nimekuambia wewe umwambie."

Sikumwambia. Aliambiwa na Mama Sekela, aliyekuwa dirishani akisikiliza. Jioni Mwalimu alikuja kubisha hodi kwetu, akasimama mlangoni kama kawaida yake.

"Kwa hiyo utanirithi ningali hai."

"Sitaki darasa lako, Mwalimu."

"Mwandiko wako haufai kulitaka." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Niachie chaki mpaka vyeti. Baada ya vyeti chukueni hata koti."

Ndipo tukaenda Iringa. Kulikuwa na hospitali ya misheni upande huo, na daktari mgeni mwenye ndevu aliyejifunza Kiswahili chake kwa wakulima wa Kihehe, hivyo alitamka kila kitu kama anayeuza mahindi. "Kamwene," alimwamkia Mwalimu, na Mwalimu, ambaye hakuwa amesikia salamu ya kwao kutoka kwenye mdomo wa hospitali kwa muda mrefu, alimwitikia na kumpa ripoti ya benzheksoli bila kuombwa. Daktari aliisoma mara mbili. Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaacha kucheka, akamwuliza juu ya paka.

"Nani amekuambia?"

Mimi nilikuwa natazama dari.

Daktari akaeleza. Dawa hii kwa mzee mara nyingi huvuruga kichwa. Ipo nyingine mpya, levodopa, na yeye amepata makasha machache. Tutabadilisha, lakini taratibu: ya zamani ipungue nusu kidonge kila wiki, mpya iingie kidogo kidogo, zipishane. Anaweza kupata kichefuchefu, kwa hiyo aimeze na chakula chepesi. Asiharakishe. Mwalimu aliitikia kila sentensi kwa kichwa, kama mwanafunzi bora, na kwenye ripoti ya benzheksoli akaongeza neno moja: Ahamishwe.

Kosa lilianza ndani ya basi la kurudi, kabla hatujafika hata Igawa, na lilikuwa kosa ambalo mwalimu tu angeweza kulifanya.

"Huyu daktari ni mtu mzuri," alisema, "lakini hajafundisha. Mtoto akihamishwa shule, anahamishwa. Hakai mguu mmoja huku na mwingine kule. Atakuwa na vurugu pande zote."

Nilimwambia vidonge si watoto. Akaniuliza kwa nini. Nikaanza kumweleza mambo ya kemia ya ubongo, akasinzia. Nyumbani alichukua chupa ya benzheksoli, akaitia chooni, akaandika kwenye daftari lake kwamba uhamisho umekamilika.

Siku ya nne hakuweza kufunga kifungo. Mkono ulipepeta kama ungo, mwili ukakakamaa kama mlango uliovimba kwa mvua. Nilikimbia hospitali kwenye lile dirisha la dawa, na yule kijana wa kanga kichwani, aliposikia ni kwa ajili ya nani, alinipisha mbele ya watu wote. "Mpisheni," aliwaambia. "Ni mkono."

Kumshawishi Mwalimu ameze tena ile ya zamani kulihitaji akili yangu yote, na haikuwa ile niliyopewa chuoni.

"Mwalimu, mtoto amepata barua ya uhamisho. Sawa. Lakini muhula haujaisha. Anaondoka kabla ya mtihani?"

Alifikiri. "Hapana. Anamaliza muhula."

"Basi mwache amalize muhula. Nusu kidonge kila wiki."

"Hilo ungesema tangu mwanzo," alisema, "badala ya kunieleza ubongo."

Ya zamani ikapungua, mpya ikapanda. Kichefuchefu kilikuja, kikaondoka. Paka hakurudi. Lakini wiki zilipita, levodopa ikafika kipimo alichotaka daktari, na mkono haukujali hata kidogo. Ripoti ilikuwa na mstari mmoja: Ameandikishwa, hajahudhuria. Zilibaki wiki tatu kabla ya ukaguzi.

Nilifanya nilichofundishwa kufanya, yaani kushuku kila kitu. Nilishuku vidonge ni vya bandia. Nilishuku moshi wa jikoni vilipohifadhiwa. Nilisoma mahali kwamba nyama na maharage yanaweza kushindania njia na dawa hiyo, nikampiga marufuku maharage, na kwa siku nane Mwalimu alikula viazi vitupu akinitazama kama aliyefungiwa njia. Hakuna kilichobadilika isipokuwa uhusiano wetu. Mwishowe nilikaa na ile karatasi ndogo iliyokuja ndani ya kasha, yenye maandishi membamba kuliko mwisho wa mistari ya Mwalimu, nikaisoma yote mezani kwao huku Mama Mwalimu akinikorogea uji. Chini kabisa iliandikwa kwamba dawa hii isitumike pamoja na vitamini B sita, kwa kuwa vitamini hiyo huipunguzia dawa nguvu.

"Mama," niliuliza, "Mwalimu anameza vitamini zozote?"

"Hamezi. Anakataa."

Nikageuza karatasi.

"Ndiyo maana nazisaga kwenye uji," alisema Mama Mwalimu.

Ilikuwa hivi. Mtoa dawa wa dirisha lile alikuwa mtu wa huruma, na hakumwacha mgonjwa aondoke bila pakiti ya vidonge vya vitamini B, aina ya sita ikiwamo, kama muuza duka anavyomwongezea mteja pipi. Mwalimu alivikataa kwa sababu havikuwa kwenye orodha. Mama Mwalimu alivikusanya, na kila alfajiri alivitwanga na kuvitia kwenye sufuria. Nilikuwa nimehoji kila kitu katika nyumba ile isipokuwa uji, kwa kuwa uji nilikuwa naunywa.

"Tangu lini, Mama?"

"Tangu aanze kwenda dirisha lile. Ni vidonge vya nguvu. Hata wewe vimekunenepesha."

Nilimwandikia daktari siku hiyo hiyo, barua ikaenda na dereva wa basi. Jibu lilirudi kwa dereva yule yule, mistari miwili: acheni vitamini, endeleeni na uji. Na maharage je, nilikuwa nimeuliza. Ale, alijibu pembeni, asimeze tu dawa juu ya sahani.

Siku ya tano baada ya hapo nilipita asubuhi nikamkuta Mwalimu amekaa mezani, mkono wa kulia uko juu ya goti. Umelala. Yeye alikuwa akiutazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyesinzia kitini, anaogopa kukohoa. Alichukua kalamu ya kuchovya, akaandika kwenye daftari mstari mmoja kutoka ukingo hadi ukingo. Herufi ya mwisho ilikuwa na urefu sawasawa na ya kwanza. Kisha akafungua ripoti ya levodopa: Amehudhuria.

Mratibu alikuja kesho yake, Jumatano. Mwalimu alivaa tai, akaandika ubaoni sentensi ya somo, kubwa, imenyooka, ukingo hadi ukingo. Mratibu alisimama nyuma na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Mimi nilipumua. Lakini wanafunzi walishika kalamu tu. Hakuna aliyeandika.

"Andikeni," alisema Mwalimu.

Mama Sekela alinyoosha kidole. "Mwalimu, leo tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea."

"Mbona unatupigia kelele mpaka mwisho?"

Mwalimu aligeuka akatazama ubao. Hakuona kosa. Mratibu naye akashuka kati ya madawati, akafunua daftari la kwanza, la pili, la tano. Nilimwona anasimama. Madaftari yote, thelathini na mawili, yalikuwa na mistari ya namna moja: neno la kwanza kubwa, la pili limenywea, halafu mawimbi, halafu sisimizi. Watu wazima wale hawakuwahi kuona mwandiko mwingine. Walikuwa wamenakili walichokiona ubaoni kwa uaminifu wa kutisha, tetemeko kwa tetemeko.

"Huu ugonjwa," mratibu aliniuliza kwa sauti ya chini, "unaambukiza?"

Mwalimu alikuwa amelichukua daftari la Mama Sekela. Alilitazama karibu, akalitazama kwa mbali. Hapo ndipo alipouona mkono wake kwa mara ya kwanza, kwenye daftari la mtu mwingine. Uso wake ulinyauka.

"Nani aliwaambia mpunguze?" aliuliza.

"Wewe, Mwalimu," alisema mpagazi mmoja.

"Sisi tulielewa," alisema Mama Sekela, na sasa alikuwa anamweleza mratibu, kama mwenyeji anavyomweleza mgeni. "Herufi ni mtu, Mwalimu alisema. Mtu akianza safari ana nguvu. Akipanda mlima Loleza na mzigo, akifika juu amekuwa mdogo, miguu inatetemeka. Hizi nazo zimetoka mbali. Zile za leo," alionyesha ubao, "hazijatembea."

Mratibu alimtaka asome. Alisoma ukurasa wote wa kitabu alichokifungua mratibu mwenyewe, bila kukwama, kisha akasoma tangazo lililokuwa mfukoni mwa mratibu. Mpagazi naye akasoma. Mratibu hakuwa mtu mbaya. Alifunga daftari lake. "Wanasoma," aliniambia. "Mengine sijayaona." Na darasa likabaki kwa mwenyewe.

Ungedhani Mwalimu angefurahi. Wiki mbili nzima alijaribu kuwafundisha upya, na wiki mbili nzima walimsikiliza kwa heshima na kuandika kama zamani. Aliandika vyeti vyote kwa mkono wake mpya, vimenyooka kama reli ile iliyokuwa ikijengwa kuelekea Zambia. Siku ya sherehe Mama Sekela alikipokea chake, akakitazama, akakirudisha kwa mikono miwili.

"Ndaga fijo, asante sana, Mwalimu. Kimependeza. Lakini huyu si mimi. Mimi jina langu linaishia kidogo."

Nilimwambia jambo jepesi: aandike kingine, apunguze herufi mwenyewe makusudi. Alinitazama kama aliyesikia matusi.

"Kuiga mwandiko ni kughushi."

"Ni mwandiko wako, Mwalimu."

"Ndiyo. Nighushi wa kwangu?"

Siku mbili hakumeza levodopa. Mama Mwalimu ndiye aliyenishtakia, nami nilikwenda pale na hasira zangu zote za kisayansi. Nilimkuta mezani, kifungo cha shati kimemshinda, mkono unapepeta, cheti kipya mbele yake. Aliuacha mkono ufanye unachotaka. Jina la Mama Sekela lilianza kubwa, likapanda mlima wake, likafika juu limekuwa sisimizi. Kisha akameza kidonge chake, na kwenye ripoti ya levodopa akaandika: Ruhusa ya siku mbili, shughuli za kifamilia.

Mimi nilihamishiwa Iringa baadaye, na miaka ikapita bila kumwona. Mwishoni mwa miaka ya sabini nilikuwa kwenye basi la kutoka Mbeya likapata pancha Igawa, na abiria mmoja aliyeshuka mbele yangu, akishushwa kama kabati, mguu mmoja kwanza, alikuwa na koti la kahawia.

"Shikamoo Mwalimu."

Aligeuka mwili mzima, shingo ikiwa imeacha kazi hiyo. Sauti ilikuwa imepungua kama mistari yake. "Marahaba, Kwa Nini. Lile la mwezi, nilikupa jibu?"

"Ulinipa. Halikuwa sahihi."

"Nilishuku hivyo." Alikuwa anakwenda kwa daktari wa ndevu. Dawa ilikuwa ikimfaa kwa saa chache tu, kisha inamwacha, na sasa walikuwa wanataka kubadilisha tena, kidonge cha tatu. Fomu za ripoti zilikuwa zimemwishia, anaandika nyuma ya kalenda. Alinionyesha aliyoiandika juu ya levodopa: Mwanafunzi mzuri. Anatoroka baada ya mapumziko.

Kando ya barabara palikuwa na mama kijana mwenye mifuko ya mchele wa Usangu. Mvua ilikuwa imefuta maneno kwenye kipande chake cha ubao, na alikuwa akihangaika na chaki huku mtoto akilia mgongoni. Mwalimu hakuweza kupita.

"Nipe, mama. Unataka niandike nini?"

"Mchele mpya upo hapa, Baba."

Alisimama mbele ya ubao ule, akakusanya kila alichobakiwa nacho. Niliona mishipa ya shingo. Aliandika maneno manne, na yote manne, kwa nguvu ambazo sijui alizitoa wapi, yalikuwa na urefu mmoja. Jasho lilimtoka. Akarudi nyuma, akampisha atazame.

Yule mama alipima ubao kwa macho. Alitafuta namna ya kusema bila kumvunjia mzee heshima.

"Unaanza vizuri, Baba. Mwisho ndio hujui kupunguza."

Mwalimu aliniangalia. Mimi niliangalia mifuko ya mchele.

"Nani alikufundisha kupunguza?" alimwuliza.

"Mama mkwe, yuko Mbeya, anauza viazi. Ana cheti." Alichukua kitambaa akafuta ubao, akamrudishia chaki. "Jaribu tena. Usikaze mkono. Uache uchoke wenyewe."

Mwalimu wa Mwandiko akashika chaki. Safari hii hakukusanya kitu. Neno la kwanza lilisimama, la pili likanywea, la tatu likaenda kwa mawimbi, na la nne nilihitaji kuinama ili kulisoma. Yule mama alitabasamu, akachukua chaki mkononi mwake, na pembeni ya ubao akaweka alama ya vema, kubwa, kama ile aliyokuwa akituwekea Mwalimu tukiwa darasa la pili.

Honi ililia. Nilimshika mkono kumpandisha kwenye basi, nikagundua nimemshika kifundo kwa vidole viwili. Utingo alimsukuma kidogo kwa nyuma, akamwuliza kama ana mzigo wowote.

"Sina," alisema Mwalimu. "Nimepata vema."